Samaki Wanunuliwe Mwisho

Kati ya Rongo na Rodi Kopany siku hizi, ukichungulia nje ya dirisha la matatu, utaona mashimo mapya mashambani. Si misingi ya nyumba wala si vyoo. Ni mabwawa ya samaki. Nikiyaona nafurahi, kisha naingiwa na hofu, maana najua mwenye shimo anawaza nini usiku. Anawaza vifaranga. Ameshapata namba ya mtu anayewauza, ameahidiwa kuletewa kwa bodaboda Ijumaa, na maji yameingia shimoni jana jioni.

Ndugu yangu, kama mwenye shimo hilo ni wewe, nakusihi umpigie simu huyo mtu leo umwambie asubiri miezi miwili. Nawe wa Sori, Muhuru, Mbita au Kendu Bay, unayechanga pesa za kizimba cha ziwani, keti kidogo tuzungumze.

Nina haki ya kusema, kwa sababu nimewahi kuua samaki elfu moja kwa usiku mmoja.

Nilikuwa nimestaafu ualimu, kiinua mgongo kikiwa bado cha moto. Vijana walinichimbia bwawa la mita 15 kwa 20 kwa siku sita, nikageuza kijito kikalijaza kwa siku mbili. Siku ya tisa muuzaji akafika saa nane mchana, jua la kukaushia omena, mifuko ya plastiki imefungwa nyuma ya pikipiki. Sikuuliza vifaranga wametotolewa wapi. Sikuuliza wamekaa mifukoni saa ngapi. Nilifungua mfuko wa kwanza nikaumwaga kama mtu anayemwaga maji ya vyombo, watoto wa jirani wakapiga makofi. Mke wangu akaleta makombo ya ugali, tukawarushia ya kutosha harusi. Alfajiri nilikuta bwawa limetapakaa matumbo meupe. Nikampigia muuzaji, simu imezimwa, na mwaka mzima nikawa namlaani yeye.

Mpaka siku alipopita afisa mmoja wa uvuvi akiwa kwenye shughuli zake, akaomba kuona bwawa.

"Mwalimu, vua saa," akasema. Nikavua. "Sasa chovya mkono polepole, kiganja kikitazama juu, mpaka kiwiko." Nikachovya. "Unaviona vidole?" Nikamjibu naviona, hata kucha naziona. Akacheka, si kwa dharau. "Haya ni maji ya kunyweshea ng'ombe. Ulitakiwa kwanza upande maji, ndipo upande samaki."

Kupanda maji! Nimeshika jembe tangu utoto na sikuwahi kufikiri kwamba maji nayo hupandwa. Lakini ndivyo ilivyo. Bwawa likiwa bado kavu, sakafu yake hunyunyiziwa chokaa ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na zaidi kama udongo una asidi nyingi. Unangoja kama wiki moja. Unaingiza maji kupitia wavu wa matundu madogo ili mumi wasipenye, kwa kuwa mumi mmoja ndani ya bwawa la vifaranga ni chui zizini. Kisha unatia samadi ndani ya gunia na kulifunga kwenye kona ya bwawa, badala ya kuitawanya ovyo. Unangoja tena, na hapa ndipo penye mtihani wenyewe, maana kwa wiki mbili huna cha kuwaonyesha wageni ila maji yanayobadilika rangi.

Yanageuka kijani. Ule ukijani ni mimea midogo mno isiyoonekana moja moja kwa macho. Mchana hutoa oksijeni, ni chakula cha ngege, yaani tilapia, tena hufyonza amonia, ile sumu ambayo samaki huitoa mwenyewe kwa mashavu yake na ambayo hutoka pia kwenye chakula kilichooza chini. Huko matopeni nako kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao hawaji kwa siku moja. Huongezeka taratibu, wiki baada ya wiki. Mimi niliwahamishia watu elfu moja kwenye nyumba isiyo na choo, kisha nikawalisha ugali.

Mkono ukianza kupotea machoni maji yanapofika kiwiko, bwawa liko tayari. Ukipotea kabla maji hayajafika nusu ya kigasha, umezidisha samadi: toa gunia, ongeza maji mapya. Mimea ile ile inayotoa oksijeni mchana huivuta usiku, na ikiwa mingi mno huimaliza. Ndiyo maana samaki wengi hufa kabla jua halijachomoza, na mfugaji anayeamka saa mbili huwakuta wamekwisha kuelea. Amka saa kumi na moja ukawaone. Wakiwa juu wamefumbua midomo wakimeza hewa, hiyo si njaa, usiwatupie chakula.

Kijana mmoja wa kwetu anafanya kazi ya nyumba huko Doha. Tajiri wake aliweka sebuleni sanduku kubwa la kioo, akataka kufuga matumbawe, yale yale tuyaonayo kwenye picha za bahari ya Mombasa na Malindi. Kijana akanipigia simu akiwa na mshangao: sanduku limejazwa maji ya chumvi, taa zinawaka, pampu zinazunguka, na kwa wiki sita hamna kiumbe hata kimoja ndani. Kila asubuhi tajiri anapima maji kwa vichupa vidogo vya rangi, anaandika, anakwenda zake kazini. "Mwalimu, huyu mtu ana akili timamu?" Nikamwambia ndiye mwenye akili kuliko mimi. Anangoja bakteria. Ana pesa za kununua matumbawe mara kumi yakifa, na bado anangoja, ilhali sisi tunaokopa chamani hatungoji hata Jumapili ipite.

Watu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, tulipaswa kuwa walimu wa dunia nzima katika jambo hili, kwa kuwa kosa la kutia samaki kabla ya kufikiri lilifanyika kwetu, tena katika ziwa zima. Miaka ya 1950, chini ya wakoloni, mbuta aliletwa ziwani kutoka maji mengine. Mwaka 1960 mtaalamu wa samaki Geoffrey Fryer aliandika akipinga mpango huo na kuonya kwamba mla nyama mkubwa namna hiyo asitiwe mahali ambapo hakuwahi kuwapo. Alikuwa amechelewa, maana mbuta wa kwanza walikuwa tayari majini. Wakatulia zaidi ya miaka ishirini, mpaka watu wakasahau, kisha katika miaka ya 1980 wakaongezeka kwa kishindo. Wazee waliokula fulu utotoni wanajua kilichofuata. Fulu walikuwa wa aina mamia, na nyingi hazijaonekana tena. Sisemi mbuta ni laana. Amesomesha watoto wengi, wakiwemo wangu. Nasema tu kwamba mtu akishamwaga samaki majini, hana tena nafasi ya kuuliza maswali.

Tukarudia, kwa udogo, mwaka 2009. Serikali katika mpango wake wa kuinua uchumi iliamua kuchimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge kati ya maeneo bunge 140, kila bwawa mita za mraba 300. Nia ilikuwa njema na wako waliofaidika hadi leo. Lakini zunguka vijijini mwetu uyatafute mabwawa ya wakati ule. Mengi utayakuta yameota matete, vyura wanaimba humo. Shimo lilikuja, vifaranga wakaja, mfuko wa kwanza wa chakula ukaja. Mfuko wa kumi haukuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo wito wangu wa kwanza nautoa kwa viongozi wetu wa wadi, wa vyama na wa makanisa, na nautoa kwa heshima. Msigawe vifaranga mahemani. Picha hutoka vizuri, naelewa. Lakini yule mama anayerudi Ndhiwa na mfuko wa vifaranga mia mbili kwenye kiti cha nyuma, na nyumbani hana bwawa lililopandwa maji, mmempa mzigo wa kuzika. Mkiwa na pesa hizo, mnunulieni kwanza chokaa, mleteeni afisa ashinde naye siku nzima, mpelekeni akaone bwawa la mtu aliyevuna mara tatu. Vifaranga mpeni mwisho, baada ya afisa kuchovya mkono wake.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba mfugaji mpya achukue kalamu kabisa. Bwawa la mita za mraba 300 hubeba ngege kama 900 hadi 1,000. Tuseme umeweka elfu moja, ndege na kenge wakachukua sehemu yao, ukabaki na 850. Unataka kila mmoja afike gramu 300 kwa miezi sita hadi minane. Hiyo ni kilo 255 za samaki. Kwa chakula kizuri kinachoelea, kilo moja ya samaki hula takriban kilo moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo andaa kilo 400. Kwa mifuko ya kilo 20, hiyo ni mifuko ishirini. Piga bei ya leo dukani kwako, iwe Oyugis, Awendo au Migori mjini, uandike jumla yake kwa herufi kubwa. Utaona vifaranga ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo katika shughuli hii. Chakula peke yake huweza kumeza zaidi ya nusu ya gharama zako zote.

Wengi hukwama mwezi wa nne. Pesa zimekwisha, samaki bado ni wadogo, karo ya shule imefika. Tangu hapo bwawa linaishi kwa majani ya viazi na huruma ya Mungu. Kama huna uwezo wa mifuko ishirini, chimba bwawa dogo la nusu yake, au hilo lako liweke samaki mia nne. Hakuna aibu. Wachache walioshiba hukupa pesa kuliko umati wenye njaa.

Kuna na hili la jinsia, ambalo wauzaji wa njiani hawalisemi. Ngege jike huanza kuzaa akiwa bado mdogo, wa miezi michache tu, hubeba mayai kinywani, na akiwa hana haraka ya kukua anajaza bwawa watoto. Ukinunua mchanganyiko wa dume na jike, mwezi wa sita utavuta wavu utoe chekechea nzima. Ndiyo sababu vituo vya kutotolea vinavyoaminika huuza vifaranga madume watupu, au karibu wote. Muulize muuzaji wako swali hilo. Muulize pia wazazi wao walitoka wapi, na umwombe uende kukiona kituo. Akikwepa, mwachie vifaranga wake. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kukuta virusi hatari vya tilapia katika samaki wa ziwa letu upande wa Uganda na Tanzania, na mfuko wa vifaranga usio na asili unaweza kubeba mengi zaidi ya samaki. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, wako Kisumu na wako Sangoro, na ofisi za uvuvi za kaunti zetu zote mbili, Homa Bay na Migori, zipo. Waulizeni wametembelea vituo gani.

Siku ya kuwapokea, iwe asubuhi na mapema. Mfuko uelee bwawani dakika ishirini au thelathini ukiwa umefungwa, mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane. Ufungue, utie maji ya bwawa kidogo kidogo, kisha uulaze, watoke wenyewe. Usiwamwage. Mimi bado nasikia yale makofi ya watoto.

Maji yenyewe unayatoa wapi? Ndugu zetu wa Nyatike wananielewa nikiuliza hivi. Kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder na Osiri watu hutumia zebaki, na zebaki haipotei ikishaingia kwenye tope la kijito. Huingia kwa mdudu, mdudu akaingia kwa samaki, samaki akaja mezani kwa mtoto. Ukiwa chini ya machimbo, au chini ya shamba la tumbaku linalopuliziwa dawa kila mara, usichepushe mto huo hadi maji yapimwe. Na ukiwa kwenye tambarare za Mto Kuja, uliza wazee mafuriko hufika mti gani, kisha uchimbe juu ya mti huo. Nimeona bwawa lililovunwa na mto usiku mmoja. Mwenyewe alibaki na kingo tu.

Kwa watu wa vizimba nina machache, ila ni mazito. Ziwa haliwi lako kwa kuwa umefunga wavu. Upande wa Homa Bay na Kendu Bay, ghuba letu ni maji mafupi. Upepo ukigeuka, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda juu, na maelfu ya samaki waliofungiwa hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa 2022 wafugaji upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi namna hiyo, na wataalamu walitaja upungufu wa oksijeni. Gugu maji nalo husafiri na upepo, leo liko kwa jirani, kesho limekaa juu ya kizimba chako. Kabla ya kununua hata mita moja ya wavu, pimeni oksijeni mahali hapo alfajiri, si saa sita mchana ambapo kila ziwa ni zuri, na mpime miezi tofauti. Ulizeni kamati ya ufuo ni wapi samaki hutaga, mpaepuke. Fuateni kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, hata kama kinachosha. Ziko kampuni kubwa zenye wataalamu na vipimo vya kila siku katika maji ya Suba. Nanyi anzeni kwa kuyasoma maji.

Akina mama, nawaomba msiniache. Ninyi mnaojua mambo ya jaboya ufuoni, pale mwanamke anapodaiwa mwili wake ili auziwe samaki, mnajua kwa nini bwawa la mwanamke nyuma ya nyumba yake si burudani. Ni mlango wa kutokea. Ndiyo maana linaniuma zaidi likifa. Kaeni chamani mpange kuanzia sokoni kurudi nyuma. Wachuuzi wa Rongo na Isebania wanataka samaki wa ukubwa gani, wangapi kwa siku? Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Mkitaka kuvuna Mei, wakati mboga ya ziwani imeadimika, vifaranga waingie Oktoba. Waingie Oktoba, maji yapandwe Septemba. Maji yapandwe Septemba, jembe lishuke Agosti. Na kabla ya Agosti, udongo ujaribiwe.

Hilo la udongo halina gharama, na unaweza kulifanya kesho. Udongo wetu mweusi wa Lambwe na Ndhiwa hushika maji vizuri ukilowa na kupasuka vibaya ukikauka, na mahali pengine kuna changarawe chini ambayo huioni kwa juu. Chimba shimo la kufika kiunoni. Asubuhi lijaze maji pomoni, ulifunike kwa matawi. Jioni yatakuwa yamepungua, ujaze tena. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yamo, mahali hapo panafaa. Kama shimo limekauka, umeokoa pesa zako zote kwa kazi ya saa moja.

Mimi bwawa langu la pili lina mavuno matano sasa, na saa yangu ina alama ya ukungu ndani ya kioo kwa sababu kuna siku husahau kuivua. Jumamosi hii nitachimba shimo la majaribio kwa jirani yangu mjane ambaye ameuza mbuzi wawili na anataka kuanza. Walio karibu, karibuni. Njooni na jembe, njooni na ndoo, njooni na watoto wajue. Vifaranga msilete.